Daraja la Pili la Chini

Katika vyuo vikuu vingi vya umma nchini Kenya, mwanafunzi aliyefeli somo anaweza kulirudia, akapata alama 75, na bado akaandikiwa 40. Ndiyo kanuni ya sapu: aliyeanguka mara moja, akipita safari ya pili hupewa alama ya chini kabisa ya kupitia. Hiyo 40 inaingia kwenye wastani, wastani unazaa daraja, na daraja linapigwa chapa kwenye cheti ambacho wazazi wamesafiri usiku kucha kutoka Kisii au Mwingi kuja kukishuhudia kikitolewa. Miaka ikapita. Mwenye cheti sasa ni meneja wa tawi la benki huko Westlands, Nairobi, ana watu chini yake na malengo ya mauzo ya kila robo mwaka, na jioni moja anafungua fomu ya kuombea nafasi ya shahada ya uzamili ya biashara, ile ambayo kila mtu huiita MBA. Baada ya jina na nambari ya kitambulisho, fomu inamuuliza alipata daraja gani.

Wapo wanaoifunga hapo hapo, wakajikataa kabla hawajakataliwa.

Madaraja yenyewe ni urithi. Royal College Nairobi ilipopandishwa hadhi mwaka 1961, wanafunzi wake wa sanaa na sayansi walianza kutahiniwa kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Baadaye kikaja Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kisha mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kikasimama peke yake. London ikaondoka, madaraja yakabaki: alama 70 kwenda juu ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni daraja la pili la juu, 50 hadi 59 ni daraja la pili la chini, na 40 hadi 49 ni pasi tupu. Majirani wana vipimo vyao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupima kwa wastani wa alama kati ya 5, na daraja la pili la chini huko ni 2.7 hadi 3.4; Makerere pia hutumia 5, lakini daraja hilo linaanzia 2.80 na kuishia 3.59. Marekani hupima kwa 4. Kwa hiyo mhitimu wa Dar es Salaam mwenye 3.2 asipoandika kwamba ni kati ya 5 atakuwa amejipa sifa asiyo nayo, na mwenzake wa Nairobi mwenye asilimia 62, ambayo nyumbani ni alama ya heshima, asipoeleza mfumo wake atasomwa kule Boston kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Shule kubwa za nje zinalijua hilo, na wasomaji wake wa maombi wamezoea kusoma daraja kwa desturi ya nchi lilikotoka. Hata hivyo, wawe wazoefu au wasiwe, kuwaeleza mfumo kwa sentensi moja hakugharimu kitu.

Tatizo la daraja ni kile linachokificha. Tuchukue wanafunzi wawili wa kubuni. Wa kwanza alipata wastani wa 47 mwaka wa kwanza, 53 wa pili, 63 wa tatu na 67 wa nne. Wa pili alianza na 64, akashuka hadi 60, kisha 55, akamaliza na 51. Kila mmoja ana jumla ya 230, na ukigawanya kwa nne, kila mmoja ana 57.5. Vyeti vyao vinafanana hadi nukta ya mwisho. Lakini mmoja alikuwa anapanda na mwingine anaporomoka, na yeyote aliyewahi kuajiri mtu angetaka kujua ni yupi kati yao aliyeketi mbele yake. Jibu halimo kwenye cheti. Limo kwenye transkripti, ile karatasi ya masomo na alama ambayo wengi huitoa kwenye bahasha siku ya kuichukua, wakaikunja, wasiitazame tena. Hatua ya kwanza kwa mwombaji mwenye alama za chini ni kuitafuta karatasi hiyo na kuisoma kama ambavyo mgeni angeisoma: wapi alama zilianguka, wapi zilisimama, na hesabu, takwimu na uchumi zilikwendaje.

Mara nyingine anayeisoma hukuta pengo. Alama zilizopotea ni ugonjwa sugu wa vyuo vya umma vya Kenya: mtihani ulifanywa, karatasi ikakusanywa, mhadhiri akahamia chuo kingine, na kwenye rekodi pakabaki wazi. Kuna waliochelewa kuhitimu kwa sababu hiyo, na kuna waliochoka kufuatilia wakakubali kurudia. Kuna pia waliosoma katikati ya migomo. Mwaka 2017 pekee wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma zaidi ya mara moja, na mihula ikabanwa hadi kufanana na semina. Kizazi cha kabla yao kilipatwa na makubwa zaidi: baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa na hakikufunguliwa hadi Oktoba 1983. Halafu kuna sababu ambazo hazihitaji katibu wa chama cha wahadhiri kuzieleza. Kijana wa miaka 19 amepata chumba chake cha kwanza, pesa za mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, zimeingia kwa mkupuo, na hakuna mtu wa kumuuliza amerudi saa ngapi. Tukubali kwamba alama nyingi za mwaka wa kwanza nchini Kenya zilizama hapo.

Sababu yoyote iwayo, milango ya karibu haijafungwa kama inavyodhaniwa. Kitivo cha biashara cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Lower Kabete, upande wa magharibi wa jiji, ukishapita Westlands na Spring Valley, mahali ambapo hewa ina baridi kidogo na msongamano wa magari unaanza kulegea. Kanuni ya kuingilia huko, kama ilivyo kwa maneno tofauti kidogo katika vyuo vingine vingi vya Kenya, ina ngazi. Mwenye daraja la pili la juu huingia moja kwa moja. Mwenye la pili la chini huingia akiongeza miaka ya kazi, kwa kawaida miwili. Mwenye pasi hutakiwa kuleta kitu kizito zaidi: sifa ya kitaaluma, stashahada ya uzamili, au miaka mingi zaidi kazini. Ni kanuni yenye huruma kuliko sifa yake mitaani. Udhaifu wake ni kwamba inahesabu miaka bila kuipima. Aliyekaa miaka miwili akigonga mihuri na aliyeanzisha idara mpya ndani ya miaka hiyo hiyo, kwa mujibu wa fomu, wako sawa.

Strathmore imechukua njia nyingine. Chuo hicho kilichoanza mwaka 1961 Lavington, kikiwapokea wanafunzi wa rangi zote wakati ambapo jiji lenyewe lilikuwa bado limegawanywa kwa rangi, kilifungua shule yake ya biashara mwaka 2005 kwa msaada wa shule ya biashara ya IESE ya Barcelona, na kutoka huko kikachukua ufundishaji wa visa halisi vya kampuni. Waombaji hupitia mtihani wa shule yenyewe na usaili, na shule inataka watu ambao tayari wamesimamia wenzao. Sababu si ukarimu. Darasa linaloendeshwa kwa visa hutegemea wanafunzi wenye la kusema. Aliyepata daraja la kwanza lakini hajawahi kumfukuza mtu kazi, wala kukosa mishahara mwisho wa mwezi, hulichosha darasa hilo kwa dakika 80 nzima. Hapo ndipo shule ya biashara inapotofautiana na kitivo cha fizikia: inamuuza mwanafunzi mmoja kwa mwingine, na alama za kale ni sehemu ndogo tu ya bidhaa hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo mwombaji wa Nairobi hafai kulisahau, nalo ni soko. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya kujilipia, yaliyokuja kuitwa Module II, na kwa miaka kumi na mitano hivi katikati ya jiji pakawa na kampasi juu ya maduka ya simu na saluni. Vyuo vyenye makao Eldoret, Juja na Thika vilikodi ghorofa karibu na Moi Avenue ili karani atoke kazini saa kumi na moja na kuketi darasani saa kumi na mbili kasorobo. Kisha ikaja KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya 2016. Udanganyifu ulibanwa, na watahiniwa waliopata A wakashuka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka uliotangulia hadi 141; waliofikisha C+ kwenda juu walikuwa 88,929, karibu nusu ya wale wa 2015. Serikali ikaweza kuwapa karibu wote nafasi za kawaida, wa kujilipia wakakauka, na kampasi nyingi za mjini zikafungwa moja baada ya nyingine. Vyuo vilivyozoea kuchagua sasa vinatafuta. Mwenye daraja la pili la chini na kazi ya kudumu ni mteja wa maana kuliko anavyojiona, na ana haki ya kuuliza maswali magumu kabla ya kulipa: programu imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Wanaoanza huhitimu baada ya muda gani? Wasimamizi wa tasnifu wako wangapi, na wanapatikana? Swali la mwisho ndilo zito. Nairobi ina watu wengi waliomaliza masomo yote ya MBA wakabaki na tasnifu isiyosomwa.

Lakini tuseme mwombaji wetu anataka zaidi ya mlango uliofunguliwa nusu. Anataka alama zile zisahaulike. Haziwezi kufutwa. Zinaweza kuzeeshwa, kwa kuwekewa mbele yake alama nyingine mpya, ngumu, zilizotolewa na mtu asiyemjua.

Nairobi ina kiwanda cha alama za namna hiyo, na makao yake yako Upper Hill. Ni kasneb, bodi ya mitihani iliyoundwa mwaka 1969, ambayo mtihani wake wa uhasibu, CPA, una karatasi takriban 18 katika ngazi tatu. Marekani, washauri humwambia mwombaji mwenye alama dhaifu ajiandikishe masomo ya hesabu na uhasibu mtandaoni ili ajitengenezee transkripti ya pili. Harvard yenyewe huuza kozi ya namna hiyo kwa zaidi ya dola 2,000. Mkenya ana CPA. Hutahiniwa na bodi ya taifa, husahihishwa bila jina, hulipiwa kidogo kidogo karatasi kwa karatasi, na vyuo vya kuifundishia jioni vimejaa katikati ya jiji. Mwenye shahada ya sosholojia yenye pasi akimaliza CPA amejibu swali ambalo kila kamati ya uandikishaji hujiuliza kimyakimya, kwamba huyu akikutana na hesabu za fedha na takwimu atazama au ataelea. Ubaya wake ni muda. Kwa mtu mwenye kazi na watoto, karatasi 18 ni miaka mitatu au minne ya maisha yake, na kuna wanaoishia ngazi ya kati wakabaki hapo. Kwa anayetaka tu kuonyesha kwamba hesabu haimshindi, hata ngazi hiyo moja iliyokamilika inazungumza, mradi aiandike kama ilivyo na asijiite mhasibu.

Kwa shule za nje, chombo cha kuzeeshea alama ni GMAT, mtihani wa kuombea nafasi katika shule za biashara. Mtihani huo ulianza miaka ya 1950, na toleo lake la sasa, lililotoka Novemba 2023, lina maswali 64 kwa saa mbili na robo: hesabu, lugha na usomaji wa takwimu, dakika 45 kila sehemu. Alama zake huanzia 205 hadi 805. Zimepangwa upya, hivyo 645 ya leo ni sawa na ile 700 ya zamani ambayo watu bado huitaja kwenye mazungumzo ya chakula cha mchana. Kuna kanuni tatu ambazo mwenye alama za chini anapaswa kuzishika kichwani: matokeo hudumu miaka mitano, mtihani unaweza kurudiwa hadi mara tano katika miezi 12, mradi siku 16 zipite kati ya jaribio na jaribio, na shule hutazama matokeo bora. Hakuna sapu hapa. Anayepanda kutoka 555 hadi 645 huandikiwa 645.

Kipimo cha lengo ni rahisi. Anayeomba kwa alama dhaifu hafai kuridhika na wastani wa darasa analoliomba. Anahitaji kuupita, kwa sababu alama hiyo inabeba mzigo wa mbili. Darasa jipya la Harvard limekuwa na wastani wa alama za shahada ya kwanza unaokaribia 3.7 kati ya 4. Wastani, hata hivyo, una walio chini yake. Mmoja wao wa zamani ni maarufu. George W. Bush alimaliza Yale mwaka 1968 akiwa na alama za kawaida kabisa, wastani wa 77 hivi, akakataliwa na shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Texas, halafu akahitimu MBA ya Harvard mwaka 1975. Mfano huu hupendwa sana na waombaji, na ndiyo maana unafaa kutazamwa kwa tahadhari: babu yake alikuwa seneta na baba yake mbunge. Meneja wa Westlands hana babu seneta.

Mfano ulio karibu zaidi na nyumbani umo kwenye historia ya Kabete yenyewe. Jirani na kampasi ya Lower Kabete iko Kenya School of Government, ambayo imesimama palipokuwa Jeanes School, shule ya kikoloni iliyofunguliwa mwaka 1925. Hapo ndipo mwanasiasa Tom Mboya, aliyekatiza masomo ya sekondari kwa kukosa karo, alisomea ukaguzi wa afya hadi mwaka 1950. Hakuwahi kupata shahada. Alikaa mwaka mmoja tu Ruskin College, Oxford. Ndiye, Septemba 1959, aliyepakia wanafunzi 81 kwenye ndege ya kwenda New York, safari ya kwanza kati ya zile zilizokuja kuwachukua mamia. Maofisa wa kikoloni walilalamika kwamba vijana hao hawakuwa na sifa, na kwa kipimo cha Uingereza hoja walikuwa nayo: wengi hawakuwa na vyeti vya kuwaingiza Makerere, sembuse London. Vyuo vya Marekani viliwasoma kwa njia nyingine. Viliomba barua, vikauliza kijana amefanya nini, nani anamjua, anataka kurudi kufanya nini.

Mwaka huo huo, bila ndege ya Mboya, aliondoka karani mmoja wa Nairobi ambaye hakuwa amemaliza shule ya Maseno. Barack Obama, baba wa rais wa Marekani wa jina hilo, alisoma kwa posta, akasaidiwa na Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyekuwa akiendesha kazi ya kisomo cha watu wazima jijini, akaandika barua kwa chuo baada ya chuo hadi Chuo Kikuu cha Hawaii kikamkubali. Alimaliza shahada kwa miaka mitatu, akahitimu mwaka 1962 akiwa miongoni mwa wanafunzi bora, na Harvard ikampokea kusomea uchumi. Maisha yake ya baadaye yalikwenda kombo kwa mambo ambayo hayahusiki hapa. Kilichomvusha kwenye hatua ile kilikuwa masomo ya posta aliyoyafaulu, mtu wa kumshuhudia, na barua aliyoiandika mwenyewe. Mwombaji wa leo anaombwa vitu hivyo hivyo vitatu.

Barua ndiyo inayowashinda wengi, na hapa Nairobi ina kichekesho kichungu. Jiji hili ni miongoni mwa vituo vikubwa duniani vya uandishi wa kukodishwa. Vijana wenye shahada zilizokosa kazi huketi usiku katika vyumba vya kupanga, wakiwaandikia insha na tasnifu wanafunzi wa Marekani na Uingereza. The New York Times iliandika habari zao mwaka 2019. Uingereza ilipitisha sheria ya kuharamisha biashara hiyo mwaka 2022. Na mwaka 2024 filamu ya The Shadow Scholars, iliyomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, ilisimulia habari zao. Kuna kijana mwenye pasi ambaye amewaandikia wageni insha za uzamili zikapata alama za juu, na bado haamini kwamba yeye mwenyewe anaweza kusoma uzamili. Akiketi kuandika ya kwake, mazoea ya kazi humponza. Anaandika kwa sauti ya mteja: ndoto kubwa, Afrika inayoinuka, shauku tangu utotoni.

Msomaji wa maombi anataka jambo dogo lililotokea. Bajeti ya kiasi gani, uamuzi gani, nani alipinga, matokeo yakawa nini. Kuhusu alama za chini, shule nyingi huacha nafasi ya maelezo ya ziada, na kosa la kawaida ni kuijaza hadi pomoni. Kurasa mbili za mgomo, malaria na mjomba aliyefariki humfanya msomaji aone alama zile kwa ukubwa ambao hakuwa ameuona. Mistari mitatu inatosha: "Mwaka wa pili nilirudia masomo mawili ya takwimu, kipindi ambacho nilikuwa nafanya kazi usiku ili kulipa karo. Miaka miwili ya mwisho wastani wangu ulikuwa 65. Tangu hapo nimekamilisha ngazi ya kati ya CPA na kusimamia bajeti ya tawi kwa miaka mitatu." Halafu kalamu iwekwe chini. Ikiwa zipo alama zilizopotea, hadithi haisaidii. Linalosaidia ni barua ya msajili wa chuo inayosema hivyo kwa mhuri wake.

Kisha kuna mdhamini. Maofisini Nairobi, anayeomba barua ya pendekezo mara nyingi huambiwa, "Wewe andika tu, niletee nitie sahihi." Bosi anadhani anafanya hisani. Barua ya namna hiyo hutoka baridi, kwa sababu ni wachache wanaoweza kujisifu kwa maneno ya mkubwa wao bila kuaibika, na shule nyingi zinakataza waziwazi. Afadhali kumpelekea mzee huyo nusu ukurasa wa kumbukumbu: miradi mitatu, tarehe, na lile kosa alilokukemea kwalo ukalirekebisha. Wasomaji hupenda kosa lililorekebishwa. Mdhamini wa wastani aliyefanya kazi na wewe kila siku ana thamani kuliko mkurugenzi mkuu aliyekusalimia kwenye lifti.

Njia ya mkato ipo, na kila Mnairobi anaijua anwani yake. Cheti bandia cha River Road kimekuwa mzaha wa jiji kwa miaka mingi. Februari 2024 mzaha ukapata takwimu: Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba zaidi ya vyeti 2,000 vya watumishi wa serikali vilivyokaguliwa vilikuwa bandia. Shule za biashara za nje huajiri kampuni za kuhakiki kila dai la aliyekubaliwa, kuanzia transkripti hadi mshahara, na nafasi huondolewa hata baada ya amana kulipwa. Daraja la chini linaeleweka. Daraja lililopandishwa kwa kalamu linamaliza mazungumzo.

Pesa sasa. Karo ya Harvard peke yake inazidi dola 70,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 9, na programu ni ya miaka miwili. Stanford ina ufadhili kwa waombaji kutoka Afrika, ukiwa na sharti la kurudi kufanya kazi barani kwa angalau miaka miwili. Prodigy Finance ya London, iliyoanzishwa mwaka 2007, hukopesha wanafunzi wa kigeni bila mdhamini wala hati ya shamba, kwa riba inayopaswa kusomwa mara mbili. HELB, pale Anniversary Towers, University Way, ina mikopo ya uzamili kwa wanaosomea nchini, lakini anayekwenda huko akiwa bado anadaiwa mkopo wa shahada ya kwanza asitarajie kupokewa kwa vifijo. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilipandisha sana karo ya uzamili mwaka 2021, wanafunzi wakalalamika, na hesabu iliyokuwa rahisi kwa karani wa mjini ikawa ya kufikiriwa. Hapa alama za chini huuma kwa namna ambayo washauri wengi hawaisemi: mtu anaweza kukubaliwa na shule, halafu akakosa ufadhili wake, kwa kuwa kamati za ufadhili hurudi kwenye alama hata pale ambapo za uandikishaji zimeshazisamehe. Ni busara kuomba shule mbili au tatu ambazo GMAT yake iko juu kabisa ya darasa, zikiwa na pesa za kumvutia, kuliko kuomba moja tu ya jina kubwa.

Na je, baada ya yote hayo, jiji linaajiri kwa kipimo gani? Waiyaki Way ina jibu lenye pande mbili. Safaricom, kampuni ya simu yenye makao yake huko, iliongozwa kuanzia 2010 hadi 2019 na Bob Collymore, ambaye hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Tangu Aprili 2020 imeongozwa na Peter Ndegwa, aliyesoma uchumi Chuo Kikuu cha Nairobi kisha MBA ya London Business School. Kampuni moja, wakurugenzi wawili, na hakuna aliyesikika akidai faida ilitegemea transkripti.

Katika shule kadhaa kubwa za Marekani, Wharton na Stanford zikiwemo, wanafunzi wa MBA wenyewe wamekubaliana kutowaonyesha waajiri alama zao za darasani hadi wapate kazi, ili watu wachukue masomo magumu bila woga, na waajiri wamelizoea hilo. Mhitimu wa Kenya anayerudi na shahada hiyo hufungua gazeti la Ijumaa kutafuta nafasi ya umeneja. Tangazo linataka KCSE isiyopungua B, shahada ya kwanza yenye daraja la pili la juu na uzoefu wa miaka saba. MBA, linaongeza mwishoni, itakuwa nyongeza.